Mtihani wa Kola

Kundi la ushonaji kwenye simu limepoa. Taarifa za chuo zinaingia, watu wanaweka dole gumba, basi. Ile sauti iliyokwaruza kila asubuhi, "Geuzeni nguo, nionyesheni ndani!", haipo tena. Wifi ya mwenye sauti hiyo husikiliza rekodi zake za zamani akipiga pasi.

Mwenye sauti aliitwa Mama Futi, kwa kuwa futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata mezani. Alikuwa fundi cherehani wa siku nyingi, chuo kikamwajiri afundishe kwa mtandao. Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa mwanafunzi wake, akisomea chumba cha pili cha nyumba hiyohiyo aliyofundishia Mama Futi, roho juu: kiwanda cha sare kingeajiri mwisho wa mwezi, na kilitaka wenye cheti.

Mtihani ulikuwa wa kuchagua majibu, kompyuta ikasahihisha. Wifi alipata kumi na tisa kwa ishirini. Darasa zima vilevile. Mama Futi aliziangalia alama zile, akatangaza kila mtu ashone kola mbele ya kamera.

Mkuu wa chuo akapiga simu. "Lakini kompyuta imeshasahihisha."

"Imeshika kola ya nani, mkuu?"

Kola ya wifi ilitoka pembe moja kali, nyingine mviringo kama sikio.

"Wifi, utanifelisha mimi, mke wa kaka yako?"

"Kola haina wifi. Upande wa kulia hukupunguza kitambaa cha pembeni kabla ya kugeuza. Fumua, rudia. Nitahesabu ya mwisho, hata ikiwa ya kumi."

"Ya kumi! Kaka yako ataoa mwingine mimi nikiwa hapa na mkasi."

Alifumua huku machozi yakimlengalenga. Ya nne ilikaa. Lakini chuo kilitaka alama Ijumaa, na nusu ya darasa walikuwa bado wanafumua. Mama Futi alikataa kuzipitisha zile za kompyuta. Jumatatu akaondolewa kundini. Alama zikapita bila yeye, vyeti vikatoka.

Kiwandani, msimamizi aliviweka vyeti pembeni, akagawa vitambaa. "Kola." Wifi alipunguza pembe zote mbili, ndipo akageuza. Alichukuliwa. Wenzake watatu walirudi nyumbani na vyeti vyao.

Mama Futi sasa anafundisha kwa simu katika chuo kidogo upande wa pili wa mji. Ana wanafunzi kumi na mmoja.