Aliziba Tangi, Dume Akavuka Mpaka

Tangi limepasuka, mwanakondoo amekufa ndani yake, na msimu wa kuwinda unaanza baada ya siku kumi na tisa.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Verl Jepperson amelala kifudifudi ukingoni mwa tangi la zege kwenye Mlima Kesler, kusini kabisa mwa Utah. Mkono wake wa kulia umezama hadi begani. Anapapasa, anapata mguu, anavuta. Mwanakondoo-mwitu wa miezi mitano anatoka amevimba, manyoya yakichuruzika maji yenye uvundo.

"Aliteleza," anasema, akimlaza juu ya jiwe. "Maji yakishuka chini ya ngazi ya pili, mdogo anaingia, anakunywa, halafu hawezi kupanda. Ndiyo maana tangi hili halitakiwi kupungua."

Nyuma yake shemeji yake, Clyne Orton, ameziba pua kwa kofia.

"Shemeji, mzike huyo tushuke," anasema Clyne. "Tusikohoe, tusikojoe. Siku ya kumi na tisa unarudi na bunduki, unamaliza kazi, halafu ndiyo tuje na saruji."

"Na hao wengine?"

"Wengine gani?"

"Wanakondoo sita waliobaki. Watakunywa wapi siku kumi na tisa?"

Clyne anavaa kofia yake. "Mimi sikujua kama umeoa kondoo."

Verl ana miaka sitini na moja. Anaendesha greda la wilaya, akichonga barabara za vumbi zinazopakana na Arizona. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka ishirini na miwili na hajawahi kufanya nyingine. Mshahara wake ni dola elfu nne na mia moja kwa mwezi, kabla ya makato. Nyumba amemaliza kuilipia. Pikapu ni ya mwaka 2004.

Kibali cha kumwinda kondoo-mwitu wa jangwani hakinunuliwi dukani. Mtu anaomba kila mwaka, analipa dola kumi, jina linaingia kwenye droo, na ikifika Mei anaambiwa amekosa. Akipata, ni mara moja katika maisha. Apige asipige, jina lake halirudi tena kwenye droo hiyo.

Baba yake, marehemu Orvis Jepperson, aliomba miaka thelathini na mmoja. Alikosa yote, akafa. Verl aliomba miaka ishirini na minane akakosa. Wa ishirini na tisa, kikatoka.

"Ujumbe ulipoingia kwenye simu nilidhani ni msiba," anasema mkewe, Ranae. "Mzee alikaa chini, sakafuni, jikoni. Nikamuuliza, nani kafa? Akasema, hakuna, nimepata. Nikamwambia basi hongera, sogea, umeegemea mlango wa friji."

Tangu Juni hadi siku ile ya tangi, Verl alikuwa amepanda mlimani asubuhi ishirini na moja. Kazi ya kupeleleza kondoo-mwitu haina mbio. Unakaa kilomita moja au zaidi, jua likiwa mgongoni mwako ili liwaumize macho wao na si wewe. Darubini unaisimamisha kwenye miguu mitatu. Nguo unazifua kwa maji matupu. Kisha unatazama jabali moja hadi liote masikio.

Katika asubuhi ya tisa, jabali liliota masikio na pembe. Dume mzee alishuka na wenzake watatu, akanywa, akasimama juu ya tangi kama mwenye nyumba. Verl alizihesabu pete za pembe zake, ambazo ndizo miaka yake. Zilikuwa kumi na moja. Ncha ya pembe ya kushoto ilikuwa imesagika kwa kupigana.

Clyne alimpa jina papo hapo: Askofu. "Ana kitambi, hana haraka, na kila mtu anampisha njia."

Verl hakulipenda jina hilo. "Mnyama unayetaka kumla usimpe jina," anasema. "Utashindwa kumchuna."

Lakini alimwona mara sita zaidi kiangazi hicho, daima kwenye tangi lile lile, na jioni akirudi nyumbani hakuwa na habari nyingine. Ranae anasema alikuwa akisimuliwa hadi pua ya mnyama ilivyo.

Tangi lenyewe lilijengwa mwaka 1983. Verl alikuwa na miaka kumi na tisa. Wanaume kumi na mmoja wa kata yao ya kanisa, yaani usharika wenye askofu wake, walipandisha mifuko ya saruji kwa nyumbu wanne wa kuazima, kwa sababu barabara inakoma chini ya mlima, mita mia nane kabla ya tangi, na bado inakoma pale pale. Juu ya tangi waliezeka mabati yaliyoinama, yakinge mvua mbili tatu za mwaka na kuzimwaga ndani.

Anapoisimulia kazi hiyo sauti yake inabadilika, inakuwa ya mtu asiye na haraka.

"Tulikuwa tukila viazi vya kuoka na jibini kwenye sufuria ya chuma, mama akivituma kutoka nyumbani vikiwa vimefunikwa taulo," anasema. "Mzee Delmont Frost alikuwa akiimba nyimbo za kanisa akikosea maneno, nyumbu wanamwangalia. Baba alikuwa akikoroga zege kwa koleo, hataki mtu ampokee. Nikamuuliza, baba, tunajichosha hivi na kibali hatuna, hawa kondoo watatusaidia nini? Akanijibu bila kuinua kichwa. Akasema, 'Ukimwekea mnyama maji umemwita. Usimwite halafu ukamfungia mlango.' Akaendelea kukoroga."

Majina yao kumi na moja yamechorwa kwa msumari kwenye zege. Tisa wameshazikwa. Aliyebaki mbali na Verl yuko kwenye nyumba ya wazee huko St. George na hamkumbuki mtu. "Ufa haujapita kwenye jina la mtu," anasema Verl. "Umepita chini. Vizuri."

Asubuhi hiyo ya Agosti alimpigia simu ofisa wa wanyamapori. Akaambiwa kikosi cha matangi kina zamu nyingine na kitafika Oktoba. Kama ana saruji na nguvu, aendelee, na wanamshukuru. Saruji alikuwa nayo. Aliomba siku saba kazini, akazikata kwenye likizo aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kuwinda.

Tangi lenye mzoga halizibwi tu. Alilimwaga maji yote, akalisugua, akauchimbua ufa kwa patasi hadi zege zima, akaujaza. Zege likaachwa likauke siku nne. Wakati huo aliweka mabeseni mita mia moja pembeni, ili majike na watoto wasikose. Siku ya sita alipeleka maji, lita mia tano kila safari, safari nane. Pampu ya petroli ilinguruma chini ya mlima tangu asubuhi hadi jua linazama, ikiyasukuma maji kwenye mpira. Pale mpira ulipoishia, mita thelathini za mwisho, alibeba ndoo. Goti la kushoto lilianza kuvimba safari ya tano.

Yote hayo, Clyne anakubali, yalikuwa ya lazima. Kilichofuata hakikuwa.

Mabati ya mwaka 1983 yalikuwa na kutu na matundu manne. Verl alikuwa nayo mapya nyumbani, yamebaki kwenye banda la kuku. Akayapandisha. Akayapiga misumari. Aliposhuka akageuka kutazama kazi yake, mlima mzima ulikuwa unang'aa.

"Shemeji," Clyne alimwambia, "umeweka kioo cha kunyolea juu ya mlima. Marubani wa Los Angeles watachana nywele hapo."

"Nilikuwa nipo pale, nyundo iko mkononi," anasema Verl. "Matundu nayaona. Miaka arobaini na miwili sijapita kwenye lile tangi nikaacha kitu kimeharibika. Sikuwaza. Ufa ulikuwa lazima, ila yale mabati yangesubiri hadi Desemba. Hilo ni kosa langu, usiandike kwamba ni la mtu mwingine."

Kesho yake, baada ya kazi, alirudi akayapaka udongo. Majike walikuwa wamesharudi, wakinywa. Madume hawakuwepo. Kondoo-mwitu dume aliyefikisha miaka kumi na mmoja amefika huko kwa kuhama mapema.

Msimu ulifunguliwa Septemba 13. Baada ya siku saba za tangi, Verl alibakiwa na siku ishirini na saba za likizo, za miaka miwili. Siku ya kwanza alihesabu majike tisa na wanakondoo sita. Hakuna dume. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya nne, akiwa juu ya mgongo wa kusini, Clyne aliacha kutafuna karanga.

"Askofu amehama kata," alisema.

Dume alikuwa amelala kivulini kilomita tano kusini, karibu na birika la ng'ombe la mfugaji mmoja. Ilikuwa Arizona. Kibali cha Verl kinaishia kwenye mpaka wa jimbo, na mpaka wenyewe hapo ni nguzo za chuma zilizotupwa mbali mbali kwenye vichaka.

Kuanzia siku hiyo kazi ya Verl ilikuwa kupanda saa kumi na moja alfajiri, kukaa, na kumtazama mnyama ambaye yeye Verl hakuruhusiwa kumgusa. Tegemeo lake lilikuwa Oktoba, madume wanapotafuta majike. Majike walikuwa upande wake, kwenye maji yake.

Oktoba 19 dume aliinuka, akaanza kutembea kuelekea kaskazini. Verl alishuka mbio kadiri goti lilivyomruhusu, akalala nyuma ya jiwe. Dume alikuja hadi akabakiza mita mia moja na hamsini kufika mpakani. Kutoka kwenye jiwe hadi kwenye kifua chake zilikuwa mita mia mbili na ishirini. Akasimama ubavu, mchana kweupe.

"Nguzo iko wapi hasa?" Clyne alinong'ona. "Nani amepima? Hapa ni vichaka vitupu, shemeji."

"Mimi ndiye ninayechonga barabara ya mpaka," Verl alijibu. "Najua nguzo ilipo kuliko jino langu."

"Nasema tu."

"Usiseme."

Walikaa dakika arobaini. Kisha majike watatu walitokea nyuma ya dume, upande wa Arizona, na yeye akageuka akawafuata. Hakuonekana kaskazini tena.

"Amepata kata yenye wajane," alisema Clyne. Verl anasema yeye mwenyewe alicheka, kisha akalia kidogo, kisha wakala mikate yao ya nyama.

Siku mbili kabla ya msimu kufungwa, dume mwingine alivuka bonde upande wa Utah. Alikuwa wa miaka sita hivi, pembe bado hazijatimiza duara. Mita mia mbili na themanini. Verl alikuwa amejiambia tangu Juni kwamba hatapiga mnyama wa chini ya miaka tisa. Alipiga. Vumbi likaruka kwenye jiwe, nusu mita juu ya mgongo, na dume akapanda genge kana kwamba amevutwa kwa kamba.

"Nilipiga juu," anasema. "Nilikuwa sijamtaka kweli, na nilikuwa namtaka mno. Bunduki haiwezi kutumwa kazi mbili."

Clyne hakumtania. Ranae anasema hilo ndilo lililomwambia jinsi mambo yalivyokuwa mabaya: walirudi, na Clyne, ambaye ni kaka yake, akaomba maziwa, akanywa, akaenda kwake.

Msimu ulifungwa Novemba 9. Kesho yake Verl alikuwa kwenye greda.

Clyne bado anashikilia kwamba dume angehama tu, mabati au hakuna mabati, kwa sababu mwaka ulikuwa mkavu na madume wazee hawana kwao. Verl humwacha aseme. Yeye anapanga kupanda Kesler kila mwezi hadi mvua za majira ya joto yajayo, kuangalia kama kiraka kimeshika. Anataka pia ngazi ya tatu, ya zege iliyokwaruzwa, ili mdogo akishuka apate pa kukanyaga. Wanakondoo wote sita walikuwa hai alipowahesabu mara ya mwisho.

Kuhusu droo, hana tena la kupanga. Kila Machi miaka yote hiyo alikuwa akijaza fomu mezani, zamani kwa kalamu, baba yake akiwa upande wa pili wa meza akijaza yake, wakifichana kama watoto kwenye mtihani. Machi ijayo hajui atafanya nini siku hiyo.

Anapoulizwa imemgharimu nini, haanzi na fedha. Anahesabu kwa vidole, polepole, kama mtu anayehakikisha vifaa kabla ya kuondoka.

Maombi ishirini na tisa. Siku thelathini na nne za likizo. Kucha mbili za miguu. Goti la kushoto, ambalo daktari anataka kulifungua Januari. Mifuko sita ya saruji, mabati manne, lita elfu nne za maji. Matairi mawili. Risasi moja. Kibali kimoja, ambacho hakitolewi mara ya pili.

Nyama, hakuna.