Breki za Tuombeane

Baba mdogo Kheri ana miaka arobaini na moja, hana mke, na ana magari kumi na tisa. Yote yanakaa kwenye kabati la vyombo la bibi, nyuma ya kioo, na lililo refu kuliko yote linaenea kwenye mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Baba yangu, Suleimani, ana gari moja tu, lori la tani kumi. Yeye ndiye anayeitwa tajiri.

Magari ya baba mdogo huja kwenye maboksi. Rafiki yake wa Tunduma humwagizia. Ukifungua boksi hukuti gari, unakuta vipande vya plastiki zaidi ya mia vimeshikana kwenye fremu zake kama dagaa waliotungwa kijitini, na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa Kijapani. Baba mdogo hajui Kijapani. Lakini akishafunga duka la majembe na misumari, anaisoma karatasi ile taratibu, kidole kwenye mstari, kama anayesoma juzuu. Anakata kipande kwa mkasi wa kucha, anakipiga msasa, anakijaribisha, anakipaka gundi, anakibana kwa kibanio cha nguo. Halafu anasubiri. Sumbawanga mwezi wa sita baridi ni kali, gundi inakauka inapotaka yenyewe, na baba mdogo hajawahi kuona kitu duniani kinachohitaji haraka. Bibi husema ndiyo maana hana mke.

Wateja nao hawamwachi.

"Kheri, leo umepeleka gari gani Kasanga?"

"Hakuna. Rangi bado mbichi."

Anajibu hivyo bila kutabasamu, kwa sababu ni kweli.

Gari la kumi na tisa ndilo lililoleta mambo. Lilikuja kwenye boksi likiwa lori la Ulaya, jekundu, safi. Baba mdogo akalikata, akaliongezea mbao za vijiti vya kuchokolea meno, akalipaka bluu ile ile iliyopauka, akaliandika kwa sindano namba ile ile na jina lile lile lililo juu ya kioo cha lori la baba: TUOMBEANE. Lilikuwa Tuombeane tupu, hadi turubai lenye kiraka. Dereva wetu, Christopha, alipogonga nguzo ya geti akipakia mahindi Msanzi, baba mdogo alilingoja lirudi, akatoka na rula, akapima bonde la kwenye bampa, akarudi ndani, akapasha kijiko moto, akalibonyeza lile dogo pale pale.

Nikamuuliza, "Baba mdogo, mbona unaliharibu?"

"Siliharibu. Limegonga Msanzi."

Sasa, kwetu gari likiingia nyumbani halilali bila kusomewa dua. Bibi Sauda ndiye mwenye shughuli hiyo. Anafukiza ubani, anazunguka gari mara tatu na chetezo, mwalimu wa madrasa anasoma, watu wanakula pilau. Siku baba mdogo alipoweka Tuombeane dogo mezani, bibi alivaa miwani, akalitazama namba, akalitazama jina, akaagiza makaa.

Baba akacheka. "Mama, huo si mdoli?"

"Una namba?"

"Unayo, lakini..."

"Una jina?"

"Mama jamani."

"Basi sogea, nipate njia."

Akaizunguka meza mara tatu. Pilau haikupikwa, maana gari lenyewe dogo, ila tulipata maandazi.

Mwezi ule Tuombeane kubwa lilikwenda Kasanga mara tano bila pancha hata moja. Baba hakucheka tena. Kila asubuhi ya safari akawa anapita kabatini kutafuta kikombe. Baba yangu hanywi chai asubuhi. Anasimama pale, anahesabu matairi kwa macho, anafunga kabati, anatoka mikono mitupu.

Wakati huo huo Christopha alikuwa na wimbo wake, na wimbo wenyewe ulikuwa breki.

"Bosi, breki zinashika kwa huruma tu. Upepo unavuja. Lainingi za kubana magurudumu zimebaki karatasi."

"Pampu, Christopha. Piga pampu."

"Napiga, bosi. Mguu huu wa kulia umenenepa kuliko wa kushoto."

"Basi unapata mazoezi. Watu mjini wanalipia."

Fundi Alois alilala chini ya lori, akatoka na mikono myeusi, akasema yale yale. Baba akamwambia mafundi wote wana ugonjwa mmoja, wakiona gari zima wanakosa usingizi. Na kutoka juu huku hadi bandari ya Kasanga, ziwani, barabara inashuka, inashuka, inapinda, halafu inashuka tena. Christopha ana mke, Bertilla, na watoto wanne kule Msanzi. Alianza kupitia parokiani kabla ya kila safari, naye si mtu wa parokia sana.

Jumatatu moja gunia mia za mahindi zilikuwa zimepakiwa, na boti ya kuzipeleka Kongo ingengoja Kasanga hadi Alhamisi. Asubuhi hiyo bibi alikuwa anafuta vumbi kabatini. Kiwiko kikateleza. Tuombeane dogo likaanguka sakafuni, tairi la mbele la kulia likaruka likaingia chini ya kochi.

Baba aliingia kutafuta kikombe chake. Akalikuta lori limelala juu ya kitambaa kama mgonjwa.

"Nani kafanya hivi?"

Bibi akasema, "Mungu."

Baba alitoka nje, akamwambia Christopha azime injini.

"Gari haitoki."

Christopha akashuka mbio, uso unang'aa. "Alhamdulillahi, bosi!" Yeye Mkatoliki, lakini furaha haichagui. "Kwa hiyo tunatengeneza breki?"

"Breki gani? Tairi la mbele limechomoka."

Christopha akaenda mbele, akalipiga teke tairi la mbele. Lilikuwepo.

Alipoelezwa, alikaa juu ya ngazi ya duka. Halafu akamfuata baba mdogo, ambaye alikuwa amepiga magoti anavuta tairi chini ya kochi kwa ufagio. Mimi nilikuwa pale nachambua mchele.

"Kheri, ndugu yangu, kuliunga itachukua muda gani?"

"Dakika tano."

"Na likishaungwa mimi natelemka."

"Unatelemka."

Christopha alitazama kile kitairi, kidogo kama kifungo cha koti, kwenye kiganja cha baba mdogo. "Wiki iliyopita pale kwenye kona ya mwisho nilimtaja Bertilla kwa sauti," akasema. "Sijui kwa nini. Mdomo tu." Akaondoka.

Baba mdogo anaishi kwenye nyumba ya kaka yake, anauza kwenye duka la kaka yake, na katika maisha yangu yote sijamsikia akimwambia baba hapana. Alifungua chupa ya gundi, akaifunga. Akaifungua, akaifunga. Kisha akachukua kibisu, nami nikadhani anasafisha, kumbe anachomoa tairi la kushoto. Halafu ya nyuma, moja moja, yote. Akayapanga kwenye kisosi.

Mchana baba akaja. "Tayari?"

"Bado, kaka."

"Astaghfirullah! Asubuhi lilikuwa tairi moja!"

"Nimelikagua. Breki zimekwisha."

"Breki za nini?"

"Za Tuombeane."

"Hili lina breki?"

Baba mdogo akamwonyesha kwa ncha ya sindano. Kwa ndani kweli kulikuwa na vidude vya duara, kila mhimili na vyake. Wajapani waliviweka, yeye aliviunga miezi minne iliyopita, na toka siku ile hakuna mtu aliyeviona. Baba aliinama hadi ndevu zikagusa meza.

"Basi vitengeneze."

"Siwezi, kaka. Mimi natengeneza kama lilivyo. Za kule zikiwa mbovu, hizi nazo mbovu. Nikifunga matairi haya leo nitakuwa nimedanganya." Akakisogeza kisosi cha matairi upande wake. "Alois akibadilisha kule, mimi nafunga huku. Kabla ya hapo sifungi."

"Kheri, boti inaondoka Alhamisi!"

"Najua."

"Wewe unajua ni mdoli huo?"

"Kama ni mdoli, kaka, lori si liondoke tu?"

Bibi, kutoka kwenye mkeka wake, akasema bila kuinua kichwa kwenye tasbihi, "Nilisoma dua moja kwa magari mawili, Suleimani. Usinivurugie."

Saa tisa alasiri Alois alikuwa chini ya lori. Jumanne nzima waligonga. Baba alisimamia mwenyewe, akishika lainingi za zamani, akiwaonyesha wapita njia jinsi zilivyokwisha, akiuliza kwa hasira dereva gani anatembea na vitu kama hivi bila kusema. Christopha aliinamisha kichwa akaomba radhi. Alfajiri ya Jumatano baba mdogo alifunga matairi yote, baba akahesabu, Tuombeane likashuka. Mchana Christopha akapiga simu kutoka bandarini, amefika, mzigo unapakiwa.

Sasa hivi mjini hakuna mtu mwenye habari za usalama kama baba. Anawaambia wenye malori wenzake kwamba breki si jambo la mzaha, na kwamba yeye hangoji kuambiwa na dereva. Wanamsifu. Baba mdogo anauza misumari, na bado wanamuuliza leo amepeleka gari gani.

Juzi Christopha alikuja dukani, akangoja wateja waishe, akaegemea meza.

"Kheri, ndugu yangu. Kile kiti cha dereva kimetoboka, springi inanichoma tangu mwaka jana. Nimemwambia bosi, anasema nikae upande."

Baba mdogo akafikiri. Akavuta droo, akatoa sindano.

"Springi ya upande gani?"