Kupanda wa Kwanza

Jirani yangu, fundi cherehani wa Koboko, hupima kila kitambaa mara mbili, na akiulizwa swali husugua kwanza pindo la nguo yoyote iliyo karibu. Wakala wetu wa safari pale Arua, Afedra, alipouliza nani angeongeza pesa apande boti ya kutalii mto Nile kabla ya wengine, sisi wanawake wa kikundi chetu cha safari tulicheka tu. Jirani yangu alisugua pindo la mtandio wake hadi Afedra akakaribia kukata tamaa. "Siku yote mimi iko nyuma," akasema mwishowe kwa sauti yake nzito. "Hii mara moja mimi nataka mbele." Akalipa.

Siku ya safari aliitwa peke yake. Akapanda shingo ikiwa imenyooka, akachagua kiti cha mbele kabisa, akatulia. Sisi tulibaki ukingoni tukipiga soga na kuvunjika mbavu. Akageuka kututazama. Akageuka tena. Kisha akasimama, akaniita kwa nguvu: "Kaltumu! Nyinyi iko nacheka nini huko? Ngoja, mimi nakuja!" Akashuka upesi, akajipenyeza katikati ya foleni yetu, akataka hadithi ianzwe upya.