Josephat na Mibuni ya Elsie

Mpasuko mmoja mkavu, kama shuka jipya linapochanwa katikati. Huo ndio mlio anaoukumbuka Josephat. Msumeno wa injini ulinguruma asubuhi nzima, lakini mngurumo wake hakuuweka moyoni. Alichoweka ni mringaringa, mti wa mwisho wa kivuli, ulivyopasuka kwa ndani kabla ya kulala chini, na mwanga ulivyoingia shambani kwa mara moja, mweupe, mwingi, kama mgeni anayefungua mlango bila kupiga hodi.

Alifurahi siku hiyo. Lazima hilo lisemwe, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Josephat alizaliwa huku juu, upande wa Werugha, ambako ukungu hukaa mpaka saa nne na nguo huchukua siku mbili kukauka. Lakini ujana wake na utu uzima wake aliumalizia chini, kwenye joto la Mwatate, katika shamba la mkonge. Aliingia akiwa na miaka kumi na tisa, akatoka akiwa na miaka hamsini na minane. Kila alichokijua kuhusu mimea alifundishwa na mkonge. Mkonge hutaka jua. Hutaka mstari ulionyooka, ardhi iliyopaliliwa mpaka ikawa tupu, na nafasi ya upepo kupita. Nyapara alikuwa akisema kwamba mmea ulio kivulini ni mmea uliosahauliwa, na wageni walipokuja kutembea, mstari wa Josephat ndio waliopelekwa kuuona.

Elsie, mkewe, alibaki juu. Alikuja kuolewa kutoka Mwanda akiwa na miche kumi na minne ya kahawa ndani ya kikapu, mizizi yake imefungwa kwa maganda ya mgomba. Aliipanda chini ya miringaringa iliyokuwa nyuma ya nyumba, akaizidisha mwaka baada ya mwaka, mpaka mibuni ikawa sitini na kitu na kujaza matuta matatu. Miche midogo aliilea kwenye kitalu kilichoezekwa kwa majani ya mgomba, na kila wiki aliondoa jani moja tu, mwanga uingie kidogo kidogo.

"Huyu ni kama mzazi wa juzi," aliwaambia majirani. "Humtoi nje ghafla."

Chini ya mibuni kulikuwa na zulia la majani makavu ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifagia. Ukikanyaga pale, mguu ulizama, na harufu ya msitu ikapanda.

Josephat alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Alirekebisha ua, alikata kuni, alilala, alishuka tena. Hakuwahi kuuliza habari za mibuni. Haikuwa dharau. Yalikuwa mambo ya Elsie, kama mkonge ulivyokuwa mambo yake, na kwa miaka karibu arobaini kila mmoja alimwachia mwenzake shamba lake.

Mwaka aliostaafu, kabla hata hajazoea baridi, Elsie alipatwa na kiharusi akichota maji. Upande wa kulia ulikufa. Maneno yakawa yanatoka moja moja, kila neno likisubiri lenzake. Nicholas, mtoto wao, alikuja kutoka Mombasa, akakaa wiki mbili, akarudi kazini. Josephat akajifunza kuosha, kulisha, kugeuza, kusuka nywele. Nywele zilimshinda. Dada yake Milka, aliyekaa nyumba ya pili, alikuja kuzifumua akicheka.

"Kaka, umemsuka au umemfunga mzigo wa mkonge?"

Hata Elsie alicheka, kwa nusu ya mdomo.

Kila asubuhi Elsie aliuliza neno moja: "Kahawa?" Na kila asubuhi Josephat alijibu, "Ipo." Hapo ndipo alipoanza kwenda kuiangalia kweli. Akaona vitawi virefu vyembamba, kuvu kwenye mashina, giza la kijani mchana kweupe. Akaona, kwa macho ya mtu wa mkonge, mimea iliyosahauliwa. Moyo ukamuuma. Mkewe amelala hawezi kusimama, na mimea yake inanyongwa na miti mikubwa, na yeye mwanamume mzima anaipita tu akienda kuoga?

Mwezi wa kwanza, kiangazi kikali, akamwita Danson mwenye msumeno. Kwa siku mbili walikata miringaringa yote. Josephat mwenyewe akachukua jembe, akakwangua yale majani makavu, akayachoma, akalima mpaka udongo ukawa mwekundu na safi. Vijizizi vyembamba vilikuwa vikitokeza juu ya ardhi kama nywele. Alidhani ni magugu.

"Hiyo... mashine... ya nani?" Elsie aliuliza kutoka kitandani.

Josephat alitaka iwe zawadi. Alitaka amwonyeshe ikishapendeza.

"Ni Danson," alisema. "Anapasua mbao zake."

Elsie alimtazama muda mrefu, halafu akageukia ukutani.

Mvua ya kwanza ya mwezi wa tatu ilinyesha, na siku ya tisa mibuni ikachanua. Haijawahi kuchanua hivyo. Kila kitawi kilivaa nyeupe kuanzia kwenye shina mpaka nchani, na harufu yake, kama asumini, ilipanda mpaka barabarani. Josephat alikata kitawi kimoja, akakitia ndani ya kikombe, akakiweka karibu na mto wa mkewe.

"Mengi?" Elsie aliuliza.

"Meupe tupu, Mama Nicholas. Kama nguo za Pasaka."

Chozi lilimtoka jicho la kushoto, likaingia sikioni. Josephat alilifuta kwa kidole gumba, akifurahi, akidhani analia kwa furaha.

Ni Milka aliyesimama kwenye tuta la juu, mikono kiunoni, na kumwambia.

"Nani alikutuma kufanya hivi?"

"Huoni maua? Ilikuwa imenyimwa jua."

"Naona. Ndiyo maana nakuuliza." Milka hakuwa akicheka tena. "Kahawa ikichanua yote kwa pamoja, inaaga, kaka. Inatoa kila ilicho nacho kwa sababu imeogopa. Hukumuuliza mwenye shamba?"

"Anaumwa."

"Anaumwa mkono na mguu. Masikio yanaumwa?"

Maua yalidumu siku tatu, yakaanguka. Punje zikashika, nyingi kupita kiasi, zimebanana kama shanga. Lakini kufika mwezi wa sita majani yakaanza kupauka upande wa jua, halafu kuwa manjano, halafu kudondoka. Vitawi vikakauka kuanzia nchani kurudi ndani, vyeusi kama vimechomwa. Na punje zikanyauka zikiwa zimening'inia, hazikuiva, hazikuanguka.

Hapo akaanza kuhangaika. Alibeba maji kutoka mtoni, kibuyu cha plastiki kila mkono, mara kumi kwa siku. Alikusanya majani ya migomba ya majirani akayatandaza juu ya udongo. Alisimika nguzo, akafunga magunia juu ya mistari, akatengeneza kivuli cha mikono yake.

"Sasa umejenga banda la matanga," Milka alisema. Kisha akaingia chini ya magunia yale, akashika ncha moja, akamsaidia kufunga.

Na kila asubuhi, neno lile. "Kahawa?"

"Inaendelea vizuri."

Uongo ule ulimla. Alikonda. Alianza kuchelewa kuingia chumbani, akijifanya anatafuta kitu jikoni, ili swali lile lichelewe kidogo. Alijua Elsie hali vizuri, anapungua, sauti yake inakuwa nyembamba kila mwezi. Alimwomba Mungu mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja: mibuni ipone kabla mkewe hajaiona, na mkewe apate nguvu ya kwenda kuiona.

Mwezi wa tisa, Jumapili moja baada ya chai, Elsie hakuuliza. Alisema.

"Nibebe."

"Wapi?"

"Unajua."

"Kuna baridi, Mama Nicholas. Tungoje—"

"Nibebe... wewe."

Milka alimfunga Elsie kwa leso mgongoni mwa kaka yake, kama anavyofungwa mtoto. Hakuwa mzito. Jambo hilo lilimtisha Josephat kuliko uzito wowote. Walizunguka nyumba, Milka nyuma na kigoda, na kwenye pembe ya ukuta Josephat akasita. Mkono mzima wa Elsie ukamgonga begani. Akaendelea.

Walimkalisha kwenye tuta la kati. Jua lilikuwa wazi. Mbele yao visiki vya miringaringa, magunia yaliyochanika kwa upepo, na mistari ya mibuni mikavu iliyoshikilia punje nyeusi. Elsie aliangalia yote, polepole, kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayehesabu watoto baada ya kivuko. Hakulia.

"Nilijua," alisema.

"Milka alikuambia?"

"Hata," Milka alidakia. "Sijafungua mdomo."

"Jua... lilikuja kitandani," Elsie alisema. "Mchana ule ule... wa mashine. Miaka yote... halijawahi kufika... pale."

Josephat aligeuka akatazama dirisha la chumba chao. Lilikuwa limejaa mwanga. Miezi minane alikuwa ameingia na kutoka chumba kile, ameukunja na kuukunjua ule mwanga pamoja na shuka, na hakuwahi kuuona.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa... unaimba." Alipumzika. "Ukilima... uliimba."

Elsie alinyoosha mkono wa kushoto, akashika mbuni uliokuwa karibu, akakwaruza gome kwa ukucha. Ndani kulikuwa kahawia. Wakamsogeza kwa mwingine. Kahawia. Mwingine. Walikwenda hivyo mstari mzima, Josephat akimbeba, Milka akihamisha kigoda, na kila gome lilisema neno lile lile. Mbuni wa kumi na moja ulikuwa na alama ya kijani, nyembamba kama uzi. Halafu mikavu tena, mingi. Halafu mmoja. Mpaka mwisho wa matuta walipata saba iliyo hai.

"Hii inakatwa," Elsie alisema, pumzi zikimkatika. "Inabaki kisiki. Na tawi moja... lipumue. Itachipua."

"Itazaa lini?" Milka aliuliza, na papo hapo akatamani asingeuliza.

"Miaka mitatu."

Upepo ulipuliza gunia moja likapigapiga. Milka aliinama, akajifanya anaokota kitu chini, akaondoka kwenda kuchukua msumeno wa mkono. Aliporudi aliuweka karibu na kaka yake bila kumtazama usoni.

Josephat alipiga magoti mbele ya mbuni wa kwanza kati ya ile saba, kando ya kigoda cha mkewe. Mikono hiyo imekata mkonge miaka thelathini na tisa bila kukosea, lakini sasa aliushika msumeno na hakuweza kuugusisha mti. Aliuchukua mkono mzima wa Elsie, akauweka kwenye shina, akausogeza juu kidogo, akausogeza chini kidogo.

"Mama Nicholas," alisema, kwa sauti ambayo Milka, hatua mbili tu nyuma yao, hakuisikia, "nionyeshe pa kukata."