Nasonga, Sikorogi

Jirani yangu hapa Ipyana anatengeneza mafuta ya kupaka kwa kakao ya shamba lake, na hutamsikia akisema anakoroga. "Nasonga," husema, utadhani ni ugali. Kukoroga anawaachia wauza mkorogo wanaochubua watu ngozi. Mtaji wake ni mpunga aliolima mwenyewe, kwa hiyo hakuna mwanaume atakayekuja kudai chungu. Hukaanga mbegu, huzisaga, huzichemsha kwenye chungu cha Wakisi, kisha huengua mafuta yanayoelea, polepole, akihemea puani. Kabla hajamuuzia mtu, hujipaka kiwikoni na kulala nayo.

Juzi, nikiwa nimekaa kwake, alikuja binti wa Ipinda anayekaribia kuolewa. "Mama, nikorogee kidogo niwe mweupe. Mchumba anapenda weupe." Jirani akaweka mwiko chini, akafungua kitambaa anachojifunga hadi kidevuni, ambacho sijapata kumwona akikifungua mbele ya mteja. Mashavu yake yana mabaka meusi kama sufuria iliyoungulia. "Mimi nilikorogewa, mwanangu. Haya mafuta yaliniponya vidonda, mabaka yakagoma. Yatakulainisha, hayatakubadilisha. Unataka, hutaki?"

Binti akainama. "Na akiniacha?"

Hapo nikajibu mimi. "Wangu aliniacha akafuata mweupe. Sasa huyo mweupe anakuja hapa kununua mafuta, anapitia mlango wa nyuma."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Binti akachukua kopo, akashukuru, "Ndaga, mama." Kitambaa kiko msumarini mpaka leo.