Viti Vyenye Namba

Ukumbi ule wa mjini Shinyanga ulijengwa uwe ghala la pamba. Pamba ilipopungua wakaweka ulingo wa ndondi, kisha wakachora mistari ya mpira wa kikapu sakafuni, na baadaye zikaja bendi, harusi na mikutano ya injili. Nimecheza kikapu humo, nimeolewa humo, lakini nikiutaja ukumbi ule namkumbuka baba.

Baba alikuwa manju wa ngoma kule Didia. Kwetu, baada ya mavuno, makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na hakuna mwamuzi. Watazamaji wakivutiwa huku, wanahamia huku. Wakichoka, wanarudi kule. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Ngoma ikivuma sana hupasuka, wanasema, lakini ya baba na mpinzani wake ilivuma tangu ujana wao, leo kwako, kesho kwangu. Sasa magoti ya baba yalikuwa yameanza kumgomea. Alitaka shindano moja la mwisho, ajue moja.

Mwaka huo waandaaji walikimbia vumbi, wakalileta shindano ukumbini. Wakaweka meza ya majaji watatu na viti vyenye namba. Mimi ni karani, nimezoea kufuata foleni. Tiketi yangu iliniangukia upande wa mpinzani, nikakaa.

Ngoma zikaanza pamoja, bati likatetemeka. Sijawahi kumsikia baba akiimba vile. Alitunga papo hapo utani juu ya mwenzake, kwamba kitambi chake kiliingia ukumbini kabla yake. Upande wangu watu walicheka, wakageuza shingo, wasinyanyuke. Mzee mmoja alijaribu kuvuka, mlinzi akamrudisha kwenye namba yake. Baba alikuwa anatazama viti. Akaniona. Nikampungia mkono, mjinga mimi, nikiwa nimekaa vilevile.

Majaji walimpa ushindi. Nilijawa na furaha, nikamfuata nje nimpokee kombe.

"Shikamoo baba. Hongera."

"Marahaba, mayu." Ndivyo alivyoniita siku zote, mama kwa Kisukuma. Aliniachia kombe bila kulitazama. "Wale watatu wa mezani siwajui. Wewe nakujua, na ulikuwa kwake mwanzo mpaka mwisho."

"Baba, tiketi ilikuwa na namba ya kule."

"Namba ilikuwa ya kiti," alisema. "Miguu ilikuwa yako."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kombe alikataa kulipeleka Didia, liko kwangu. Ngoma hakucheza tena. Hata alipougua aliwauliza wageni kama wanadhani alimshinda yule bwana, nao walimjibu ndiyo, kwa adabu. Mimi hakuniuliza. Toka kiti changu mpaka upande wake zilikuwa hatua ishirini, na mlinzi yule angenirudisha, lakini baba angekuwa ameshaniona nimesimama.