Waridi la Attracta Gilrane

Kwa miaka ishirini na miwili Attracta Gilrane alifua vitambaa vya altare vya kanisa la Drumlasra, na miaka yote hiyo alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba njia yake ya mbinguni inapita kwenye beseni la kufulia. Wengine walikuwa na hija zao na mifungo yao. Yeye alikuwa na wanga na pasi.

Baada ya Pasaka mikono yake, iliyokwisha kukakamaa kwa baridi yabisi, ilichelewa kidogo kuinua pasi. Kitambaa kikabaki na kovu la kahawia. Padri Loftus, ambaye hakuwahi kumuudhi mtu kwa makusudi na kwa hiyo aliwaudhi wengi, akamwambia, "Pumzika sasa, Bi Attracta. Umetumika vya kutosha." Wiki hiyohiyo vitambaa vikahamia kwa Dympna Feehily, mjane wa ng'ambo ya barabara, aliyerudi kutoka Birmingham na mashine ya kufulia.

Attracta alipumzika kama paka anavyopumzika mbele ya tundu la panya.

Jumapili ya kwanza alikaa benchi la mbele kutafuta doa. Hakulipata. Vitambaa vilikuwa vyeupe kiasi cha kuumiza macho, na yake yaliuma hadi jioni. Ila Jumapili ya pili, baada ya Komunyo, aliona jambo lililomfariji kuliko mahubiri yote ya mwaka ule. Kitambaa kinachotandikwa chini ya kalisi, kile kikombe cha divai ya Misa, hutiwa wanga kikakauka kikawa kigumu. Kile cha kufutia kalisi hakitiwi kamwe, kwa sababu kazi yake ni kunywa maji. Dympna alikuwa ametia wanga vyote. Padri Loftus alikuwa anapangusa kalisi kama mtu anayefuta dirisha kwa bahasha. Attracta akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa moyo wote.

Nje, Dympna alimfuata mbiombio. "Bi Attracta! Umeviona? Niambie ukweli, sijakosea mahali?"

"Vinang'aa kama theluji, dada."

"Wewe ndiye fundi, ndiyo maana nakuuliza."

"Mimi nani hata nikukosoe?" alisema Attracta, kwa unyenyekevu uliomshangaza hata mwenyewe.

Hesabu yake ilikuwa fupi. Akisema, Dympna hatakuwa na kosa tena, na beseni halitarudi. Akinyamaza, padri atachoka mwenyewe.

Na mbingu zilionekana kukubaliana naye. Maji ya suuzo la kwanza, yanayoweza kubeba chembe ya kilicho kitakatifu, hayamwagwi kwenye bomba la maji machafu, hurudishwa ardhini. Yake, miaka yote, yalikwenda kwenye waridi lililoota ndani ya ukuta wa nyumba yake, karibu na lango. Sasa hakuwa na maji hayo ya kulimwagia, na Juni ilikuwa kavu, lakini waridi lilichanua kuliko miaka yote. Attracta alilitazama kila asubuhi akitoka kwenda Misa. Mungu alikuwa na upande wake, na ulikuwa upande huu wa barabara.

Hata hivyo Jumamosi moja alipiga magoti kwenye kiungamio, maana wivu ulikuwa umeanza kumnyima usingizi.

"Nina wivu, Baba."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu anayetia wanga pasipotiwa wanga, anayefua vitu vitakatifu kwa mashine ya Waingereza, aliyepaka nywele rangi na mumewe hajamaliza hata mwaka kaburini…"

"Huyo ana zamu yake, Bi Attracta. Tuendelee na dhambi zako."

"Nilijua kosa lake nikanyamaza. Jumapili tano."

"Kwa hiyo ni wewe uliyeniacha nipanguse kalisi kwa kadibodi."

"Kumbe ulijua! Mbona hukumwambia?"

"Niliogopa kumvunja moyo," alisema padri. "Sasa utamwambia wewe. Ndiyo malipizi yako."

"Baba, nipe Rozari. Nipe kumi na tano. Nipe kuupanda mlima wa Mtakatifu Patrisi pekupeku."

"Hayo yote unayapenda mno. Nenda leo."

Alikwenda na koti lake la kanisani, kama anayekwenda mazikoni. Dympna alimkaribisha jikoni, akamwaga chai, akasikiliza habari ya wanga huku uso ukimwiva.

"Wiki zote hizi? Na wewe ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

"Ukaniambia theluji!"

"Nilikuwa na wivu," alisema Attracta. Neno hilo lilitoka kwa shida kuliko kwenye kiungamio, kwa sababu hapa hapakuwa na pazia.

Dympna aliangalia kikombe chake. "Basi na mimi nina langu. Njoo." Akafungua mlango wa nyuma. Ua wote ulikuwa saruji, ukuta hadi ukuta. "Sina udongo hata wa kujaza kijiko. Maji ya suuzo nayavusha barabara kila asubuhi ya Jumatatu, ukiwa Misani. Namimina kwenye waridi lako juu ya ukuta. Niliogopa kukuomba."

Attracta alisimama. Ishara yake ya mbinguni ilikuwa imebebwa na Dympna, kwenye ndoo. Hata waridi! Kwa dakika nzima alimchukia kwa ukamilifu ambao hakuwahi kuufikia.

"Unamwagia majani," alisema hatimaye. "Yataota ukungu. Inatakiwa shinani."

"Nitafikaje shinani kutoka barabarani, mama?"

Jumatatu iliyofuata Attracta hakwenda Misa. Alisimama kwa lango, akalifungua, akalishikilia huku vidole vikimuuma, hadi Dympna alipopita na ndoo. Alimtazama akiinama, akitafuta kosa. Dympna alimimina taratibu, shinani kabisa, bila kumwaga hata tone.

Lilimuuma hilo. Lakini hakufunga lango.